Jumatano za Isnino

Halimo alitoa salamu ya kulia, kisha ya kushoto, na hapo kushoto moyo ukamruka. Isnino, mke wa mwanawe, alikuwa bado amesimama kwenye msala wake, mikono kifuani, midomo ikicheza na sura fupi. Anaswali adhuhuri. Na leo ni Jumatano.

"Astaghfirullah," Halimo alisema polepole. Mtu hatubii kwa sababu mwenziwe anaswali, ila hakupata neno lingine.

Sasa, ili jambo hili lieleweke, ni vizuri kujua wanawake hawa wawili walivyokaa. Nyumba yao pale Chechelesi, mjini Isiolo, ilikuwa na vyumba vitatu na ua mmoja. Halimo alikuwa mjane, mama yake Duale, na Duale alikuwa dereva wa lori, mtu wa barabara ya Moyale, akikaa nyumbani siku mbili na njiani wiki mbili. Waliobaki ni mama mtu, mkwe na watoto watano, mdogo wao Abshir aliyekuwa ametimiza miaka miwili. Wanawake wawili wakiswali bega kwa bega mara tano kwa siku, hawawezi kufichana mengi. Mwanamke akiwa katika siku zake haswali. Mwenyezi Mungu amempumzisha, na hakuna anayemuuliza. Msala unakunjwa tu, unakaa juu ya sanduku mpaka amalize.

Halimo hakuwa mpekuzi. Hajawahi kufungua saraka ya cherehani ya mkwe wake wala kuinua godoro lake. Lakini macho alipewa ayatumie. Na mwaka uliopita aliona kwamba msala wa Isnino unakunjwa Jumatano. Zinapita wiki nne kamili, unakunjwa Jumatano tena. Wiki nne nyingine, Jumatano. Hata mwezi wa mbinguni hauna adabu hiyo, watu hukaa nje wakiutafuta na bado wakabishana. Halimo mwenyewe aliona siku zake miaka zaidi ya thelathini, na zilikuja zilivyotaka, kama wageni wa kutoka Garba Tulla. Mungu hapangi damu ya mwanamke kwa kalenda ya dukani. Anayepanga hivyo ni daktari.

Kwa hiyo alijua mkwe wake anameza vidonge vya kupanga uzazi. Alijua akanyamaza, na si kunyamaza kwa hasira. Alikuwa amemshika Isnino mkono siku alipomzaa Abshir, na daktari alimwita yeye kando, kwa vile Duale hakuwepo, akamwambia: "Mama, huyu akibeba mimba nyingine mtamzika." Kwa hiyo kila Jumatano ya wiki ya nne Halimo aliutazama ule msala uliokunjwa akashusha pumzi.

Leo haukukunjwa.

Alasiri, Isnino akaswali. Magharibi, akaswali. Halimo hakumbuki alisoma sura gani.

Alhamisi asubuhi alichinjisha kuku, akamkaanga kwa samli nyingi mpaka harufu ikatoka hadi barabarani. Nia yake ilikuwa moja. Isnino akiwa na mimba, tangu ile ya kwanza, alikuwa hawezi kusikia harufu ya samli, anakimbilia nyuma ya choo. Halimo alimwekea paja lote, akaketi mbele yake kama askari wa jela.

"Kuna mgeni, Mama?" Isnino akauliza.

"Hakuna. Kula."

Isnino akala. Alikula paja, akafuta samli kwa kipande cha anjera, akalamba kidole. Halafu akajifunga leso kichwani, akaikaza sana juu ya nyusi kama alivyozoea siku hizi, akasema, "Nafika sokoni mara moja, Mama. Uzi wa cherehani umeisha."

Halimo alitazama kwenye cherehani. Uzi mweupe upo, mweusi upo, na mwekundu upo.

Alimpa nafasi ya kufika kona, akajitanda, akamwachia binti mkubwa wa Isnino wadogo zake, akamfuata. Hajawahi kumfuata mtu maishani, na njia nzima alikuwa akisema moyoni kwamba anakwenda kutafuta dawa ya magoti. Magoti yalimuuma kweli, kwa hiyo hakuona kwamba anasema uongo. Isnino hakwenda sokoni. Alikata kuelekea kliniki.

Pale kliniki palikuwa na benchi mbili, moja ya wagonjwa, moja ya kina mama wa kupanga uzazi. Halimo aliketi kwenye ya wagonjwa, nyuma ya nguzo, uso ndani ya mtandio. Lakini Isiolo si mahali pa kujificha. Tiya, Mborana mmoja aliyekuwa akiwaletea maziwa kila asubuhi, alikuwa kwenye benchi ya pili, na macho yake yalizoea kutafuta ngamia kwenye vichaka.

"Mama Duale!" akaita. "Na wewe umekuja kupanga? Kwani marehemu amerudi?"

Benchi zote mbili zilicheka. Hata mzee mwenye kikohozi alicheka mpaka akakohoa.

"Nimeleta magoti yangu," Halimo akajibu. "Na wewe uliyemaliza kijiji kwa kuzaa, umekuja kufanya nini, kufunga zizi baada ya mbuzi kutoka?"

"Afadhali mimi nafunga! Wengine wanaacha wazi."

Halimo alitaka kuongeza, lakini mlango ulifunguka, na Sista Kananu, Mmeru mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alikuwa akimsindikiza mtu nje huku akizungumza. "Nimeshakuambia, Mama Abshir. Bila sahihi ya bwana siweki kitu. Hiyo ni sheria ya hapa, si yangu. Na uje damu ikiwa imetoka, si kabla. Lazima tujue nyumba haina mtu."

Isnino aligeuka na karatasi mkononi. Akamwona mama mkwe wake.

Walitembea kurudi, Isnino mbele, Halimo nyuma hatua kumi, kama watu wasiojuana. Lori likapita kuelekea kizuizi cha kaskazini, mahali malori husubiriana ili yaende kwa msafara na polisi, na wote wawili wakageuza vichwa kwa pamoja. Halikuwa la Duale. Lake lingerudi Jumamosi.

Nyumbani Halimo alichukua ungo wa mchele, akauweka katikati ya mkeka. Mikono ikiwa na kazi ulimi hupata njia. Waliokota mawe kwa muda.

"Msala wako haukukunjwa jana," Halimo akasema.

Kidole cha Isnino kilisimama juu ya mchele. "Mama?"

"Jana ilikuwa Jumatano ya wiki ya nne."

Isnino alimtazama. Kwanza uso ulimbadilika rangi, halafu mdomo ukaanza kumchezacheza, akashindwa kujizuia, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Wallahi! Mimi navificha kwenye saraka ya cherehani, chini ya vifungo, na Abshir akisogea nachapa mkono wake. Kumbe kila mwezi navitangaza kwa adhana!" Halafu kile kicheko kikageuka kikawa kilio, na Halimo akasogeza ungo ili machozi yasiingie kwenye mchele.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu Jumatano ya tatu."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Sema wewe. Vidonge vimekwisha?"

Isnino alifuta uso kwa pindo la gauni lake la dirac. Vidonge amekatazwa, akasema. Mwezi uliopita alikwenda kuchukua pakiti nyingine, Sista Kananu akampima presha, akampima tena kwa mkono wa pili, akazichukua pakiti akazirudisha kabatini. Kile kichwa kinachompasuka na macho yanayoona nyotanyota, vidonge ndivyo vinavyokizidisha. Akiendelea anaweza kuanguka akapooza upande. Kwa hiyo achague kitu kingine. Na yeye kwa wiki tatu nzima amekuwa akienda na kurudi bila kuchagua.

"Kitu gani kingine?"

"Kuna sindano. Unachomwa, miezi mitatu imepita. Haihitaji sahihi. Lakini damu yake haina utaratibu, Mama. Leo tone, kesho hakuna, kesho kutwa tone. Na Ramadhani hiyo imebaki siku kumi na nane. Nitajuaje kama nimefunga au nimeshinda na njaa tu?"

"Damu ya namna hiyo ikishajulikana si ya mwezi haizuii swala. Unajisafisha, unajifunga kitambaa, unatawadha kwa kila swala. Marehemu mume wangu Abdisalan alinisomea."

"Najua. Lakini kila tone niulize wewe ni wa aina gani? Mimi si mwanachuoni. Mimi nina cherehani na watoto watano." Aliokota jiwe, akalitupa nje. "Halafu kuna mpira. Wa mwanamume."

Waliinamia ungo wote wawili. Kumfikiria Duale, na majivuno yake yote ya barabarani, akipewa kitu kile mkononi! Mabega ya Halimo yalitikisika, akajifanya anakohoa.

"Na kufunga kabisa?"

"Hiyo sitaki. Mtu hajui la kesho. Ila ipo koili. Kitu kidogo hivi, kama herufi T. Sista anakiweka ndani, kinakaa miaka, na siku ukitaka anakitoa. Damu inaweza kuwa nyingi zaidi, lakini inakuja kwa wakati wake na inaondoka. Nitajua siku zangu. Hiyo ndiyo naitaka." Akatoa ile karatasi kifuani, ikiwa imelowa jasho. Chini palikuwa na mstari mtupu wa mume. "Lakini huweka damu ikiwa imetoka. Na haijatoka."

Halimo aliuliza lile alilokuwa akiliogopa tangu jana adhuhuri. "Duale alipopita hapa wiki mbili zilizopita."

"Alilala siku mbili," Isnino akasema, macho kwenye mchele. "Siku ya kwanza nilimwambia kichwa."

Hakusema habari ya siku ya pili, na Halimo hakuuliza.

Ijumaa nzima Halimo hakutulia. Alifagia ua mara tatu. Alipanga sufuria, akazipangua. Kila Isnino alipokwenda chooni alisikiliza mlango, na kila aliporudi alimtazama usoni, naye Isnino akitikisa kichwa kidogo, bado. Tasbihi ilimpita vidoleni asijue amefika ngapi.

Lililomkera halikuwa mimba tu. Haki ya jambo lenyewe alikuwa ameshaipima zamani. Kuua roho ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini watu wema wa kale walizuia mbegu kabla haijawa kitu, wala hawakukatazwa, ila walioelewa walisema iwe kwa radhi ya wawili. Ya wawili. Na hapa Duale hajui. Mwaka mzima mke wake amemficha, na mama yake amesaidia kuficha kwa kunyamaza. Duale akiketi barazani na kusema, "Nataka timu nzima ya mpira, na golikipa wa akiba," Halimo alikuwa akicheka pamoja na wengine. Isnino huinuka akaenda kutazama chai.

Na kwa nini Duale asiseme hivyo? Nani alimwambia vingine? Hapo ndipo Halimo alipojichoma mwenyewe. Watu wa barabara wana desturi yao. Msafiri akirudi hupewa maji, hupewa maziwa, hupewa habari njema. Mabaya hupunguzwa, hufunikwa, huachwa mpaka yaozee pembeni. Mtu atakayeshika usukani kesho haelemezwi moyo leo. Hivyo ndivyo mama yake alivyompokea baba yake kutoka vita vya Waingereza kule Burma, na hivyo ndivyo yeye alivyompokea Duale siku ya nane baada ya Abshir kuzaliwa. Duale aliruka kutoka lorini akauliza, "Salama?" Naye akajibu, kwa kinywa chake hiki anachomsalia Mtume: "Salama salimini. Amejifungua kama mbuzi."

Jumamosi baada ya adhuhuri honi ililia mara mbili kwenye kona. Watoto wakatoka mbio. Duale aliingia mwekundu kwa vumbi, akambeba Abshir kichwa chini, akaomba maji. Isnino akamletea. Mvua za mwaka ule wa themanini na tano zilikuwa zimerudi baada ya ukame, na alikuwa na habari nyingi za majani na ng'ombe waliosimama tena.

"Isnino," Halimo akasema, "nenda kwa Tiya ulete maziwa ya ngamia."

"Yapo, Mama, yale ya asu…"

"Yameharibika. Chukua na watoto."

Isnino akamtazama, akaelewa, akajitanda. Alikosa pindo la mtandio mara mbili.

Walipotoka, Halimo aliketi mbele ya mwanawe. Mama kuzungumza na mwanawe mambo ya kitandani ni kama kuvuliwa nguo barabarani. Lakini mficha uchi hazai, walisema wazee, na yeye alikuwa ameficha uzazi wenyewe, uliokaribia kuua.

"Duale, lile godoro la pamba. Unalikumbuka?"

"Lile mlilolichoma kwa makaa? Kama silikumbuki! Nililinunua Nairobi. Nilisema mwaka mzima wanawake hawa hawajui kutazama jiko."

"Halikuungua."

Duale aliacha kunywa.

"Lililowa damu. Nililizika nyuma ya ukuta, mimi na Tiya. Abshir alitoka alfajiri, kondo la nyuma likakataa kutoka, na damu ikawa haikatiki mpaka saa sita za mchana. Tulimbeba kwa gari la miraa, limejaa magunia, yeye juu ya magunia. Hospitali waliishiwa damu. Aliyemtolea ni askari wa kambini, mtoto wa watu, simjui jina, namwombea kila Ijumaa. Isnino alinishika mkono akaniambia nimfundishe Abshir sala. Alikuwa ananiaga, Duale."

"Ulinambia kama mbuzi."

"Nilisema uongo."

"Mama!"

"Nilisema uongo, ulikuwa umetoka safari. Nikamkataza na yeye asikwambie. Daktari alisema mimba nyingine itamuua, na hilo pia nikalifunika. Basi akajifunika na yeye kwa vidonge, na vidonge sasa vinamwua kichwa." Halimo alitoa ile karatasi ya Isnino chini ya mto akaiweka juu ya sinia, kando ya gilasi. "Kuna kitu kingine amekichagua. Wanataka sahihi yako."

Duale aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa. "Kwa hiyo mwaka mzima mimi hapa ni mgeni. Nyinyi mnapanga, mimi nacheka na timu ya mpira."

"Kasirika. Una haki. Unikasirikie mimi."

Akasimama. Akaenda nyuma ya ukuta, akakaa huko. Halimo alimsikia akitembea, akisimama, akitembea tena, pale pale walipozika godoro, ingawa hakuonyeshwa. Isnino aliporudi alimkuta mlangoni na kalamu ya lori sikioni. Duale hakumsalimu. Alichukua chombo cha maziwa mikononi mwake, akasema, "Kizito hiki, kwa nini unabeba wewe?" Halafu akaingia ndani, akatia sahihi, kubwa, ikavuka mstari.

Lakini sahihi haileti damu. Jumapili Isnino aliswali swala zote tano. Jumatatu, zote tano. Duale alisema kuna wezi wa matairi mtaani, akawa analala kwenye kebini ya lori pale uani, na hakuna aliyemwambia kwamba matairi yake hata mwizi angeyahurumia. Msafara wa Jumanne uliondoka bila yeye. Alisema springi hazijakaa sawa. Alikuwa akilala chini ya lori mchana kutwa na spana, na kila Isnino alipopita alichungulia kati ya magurudumu.

Jumatano ikapita tena. Sasa Halimo alikuwa haulizi kwa mdomo wala kwa macho. Aliogopa macho yake yatamtia mkosi. Kila alipotoa salamu ya kushoto, kitambaa cheupe cha Isnino kilikuwa pale, kinainuka, kinainama, na yeye ambaye maisha yake yote aliomba nyumba yake iwe ya watu wanaoswali, akawa anaomba mtu mmoja asiswali. "Mola wangu," alisema katika sijda ya Ijumaa, "unajua ninachotaka, na unajua naona haya kukitaja nikiwa hapa. Kitaje Wewe."

Jumamosi Isnino alisukuma sahani ya wali, akasema hana njaa. Duale alisimama akatoka. Halimo alimaliza ile sahani yeye mwenyewe, tonge baada ya tonge, ili watoto wasione kwamba imebaki.

Jumatatu, wiki moja kabla ya kufunga, adhana ya adhuhuri ililia. Halimo alitawadha, akatandika, akanyoosha kitambaa. Kushoto kwake hapakuwa na mtu. Alikaza macho mahali pa kusujudia. Swala haikatizwi kwa sababu ya furaha wala ya hofu, na alijua shetani anamtaka ageuze shingo. Alisoma kila herufi. Alirukuu mpaka mgongo ukatulia. Rakaa nne hazijawahi kuwa ndefu vile. Akatoa salamu ya kulia, taratibu, akawasalimia malaika wa kulia kama inavyostahili, kisha ya kushoto.

Msala wa Isnino ulikuwa juu ya sanduku, umekunjwa.

Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda, karatasi mkononi, uso umelowa. "Leo Jumatatu, Mama," akasema.

"Nimeona."

Halimo alitafuta viatu vyake akavaa cha kulia mguu wa kushoto, akavivua, akavaa tena. Nje, kabla hawajafika mlango wa ua, lori zima la tani saba, linalonuka mbuzi wa Moyale, lilinguruma likawaka. Duale alikuwa amefungua mlango wa kebini, na alikuwa amekunja gunia safi, akaliweka juu ya kiti ambacho mke wake ataketi.